Sasa ya Nani?

Fundi wangu wa simu, pale stendi ya Muheza, ameandika kibao kwa maka peni: TUNAFLASHI, TUNATOA LOKI, TUNAAPDETI. Vitenzi vitatu vinavyomlisha yeye na familia yake, na hakuna hata kimoja kilichopata kuketi mezani pa Baraza la Kiswahili la Taifa. Asubuhi moja ya masika nilimpelekea simu yangu. Usiku niliiacha kwenye chaji ikiwa nzima. Alfajiri nikaikuta inawaka mpaka kwenye nembo ya kampuni, inazima, inawaka tena, kama mtu anayeanza sentensi asiyoujua mwisho wake.

“Shikamoo, Mwalimu. Nani alikwambia uiapdeti?”

“Marahaba. Hakuna. Imejiapdeti yenyewe.”

Akaipindua, akaivua kava, akatabasamu. “Simu haijiapdeti, Mwalimu. Hapa umeapdetiwa.”

Nimefundisha sarufi miaka mingi. Mnyambuliko wa vitenzi nimeujaza ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu: piga, pigia, pigwa, pigiwa. Sikuwahi kuona silabi hizo za mwisho zikifanya kazi safi kama asubuhi ile. Kijana alikuwa ameeleza, kwa kiambishi tu, lalamiko ambalo wateja wa simu hulizunguka kwa maneno mia. Nilipopanda gari kurudi Amani, kilomita thelathini na kitu ambazo kuanzia Sigi ni kona na msitu mtupu, picha zangu zilizopotea sikuziwaza tena. Nilikuwa nikiwaza neno.

Neno la vitabuni ni sasisha. Ukiiwekea simu yako Kiswahili, ndilo utakalokutana nalo: sasisha, sasisho, masasisho. Limeundwa kwa njia ambayo lugha yetu imeizoea. Tunachukua neno ambalo si kitenzi, tunalitia mkia wa kusababisha, linaanza kutembea. Safi ikawa safisha, tayari ikawa tayarisha, hakika ikawa hakikisha, karibu ikawa karibisha. Bora, kwa kuwa ina o, ikavuta e na kuwa boresha. Sasa, kwa kuwa ina a, ikachukua i na kuwa sasisha. Maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Waingereza, kwa jambo hilohilo, wanataja tarehe. Wafaransa wanasema kukiweka kitu kwenye siku. Sisi tumelenga padogo zaidi, tumekipeleka kwenye nukta hii hii.

Nalipenda neno hili kwa sababu moja: halijisifu. Halisemi kitu kimekuwa kizuri, wala kimekuwa imara, wala kitakufaa. Linasema kimefika sasa, basi. Ukilinganisha na ndugu zake wawili utaona jinsi lilivyo na adabu.

Ndugu wa kwanza ni boresha. Hilo ndilo kipenzi cha ofisi. Ujumbe unaingia usiku kwamba huduma ya kutuma pesa haitapatikana “kutokana na maboresho ya mfumo”, na chini yake tunaombwa radhi kwa usumbufu. Hakuna anayeuliza kipi kimekuwa bora, maana neno limekwisha kujibu kabla ya swali. Anayelalamikia maboresho anaonekana mtu wa ajabu, anayechukia mema. Wahenga waliufahamu mtego huo, wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kinyemi ni neno ambalo vijana wengi hawalijui siku hizi, nalo ni kitu cha kupendeza, cha kufurahisha moyo. Kidonda nacho kinafurahisha siku ya kwanza, mradi kiwe kipya.

Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini Apple na Samsung, ya kwanza yuro milioni 10 na ya pili yuro milioni 5, kwa kuwa wateja wenye simu za zamani walisukumwa kupokea programu mpya zilizozilemea simu zao, bila kuelezwa vya kutosha. Kabla ya hapo, Desemba 2017, Apple yenyewe ilikuwa imekiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Kiufundi walikuwa na sababu. Kilichowachoma watu ni kuambiwa kimeboreshwa kitu ambacho mikononi mwao kilikuwa kizito. Huku kwetu hakuna faini kama hiyo, lakini hekima ya mtaani ipo. Utaisikia kwenye kila kibanda cha fundi: “Usiiapdeti hiyo, itakuwa nzito.”

Ndugu wa pili ni huisha, kukitia kitu uhai. Neno hili nalisikia zaidi kwenye karatasi: kuhuisha taarifa, kuhuisha leseni. Lina harufu ya udi, kwa sababu ya asili yake ya Kiarabu, na lina ukali uliofichika. Ukiniambia nihuishe leseni yangu, umekwisha kuniambia kwamba imekufa.

Mwaka 2024 Watanzania tulikutana na wazo hili la kukisasisha kitu pande mbili ndani ya miezi michache, tena pande zote neno likawa ni la uboreshaji. Julai 20, kule Kigoma, ulizinduliwa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ukaendelea mkoa baada ya mkoa. Kisha kukawa na mita za umeme za LUKU. Hapo ndipo mimi, mpenda maneno, nilipotamani kusimama barabarani nikapaza sauti: jamani, hili siyo boresha, hili ni sasisha! Hakuna mahali neno hilo lilikuwa sahihi kuliko pale.

Hadithi yake ni hii. Mita za malipo ya kabla hutumia kanuni ya kimataifa iliyoanzia Afrika Kusini. Kila tokeni unayonunua hubeba muda wake ndani, na muda huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni tarakimu 24 za sifuri na moja, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya dakika milioni 16 na laki saba na kitu. Zigeuze kuwa siku, utafika Novemba 24, 2024. Baada ya tarehe hiyo mita isiyoguswa ingekuwa imeishiwa na wakati. Umeme ungekuwepo kwenye nyaya, pesa ingekuwepo mfukoni, lakini mita isingeikubali tokeni mpya kwa kuwa haina tena sasa ya kuiweka. Dawa ilikuwa kuingiza makundi mawili ya tarakimu ishirini ishirini ili mita ianze hesabu upya, kisha kundi la tatu ndilo lenye umeme. Tarakimu sitini. Niliziingiza kwa bibi mmoja jirani yangu, yeye akisoma kwa miwani, mimi nikibonyeza, na tulipomaliza akauliza, “Imeongezeka uniti?” Nikamwambia hapana, bibi, uniti ni zile ulizonunua, ila mita imejua leo ni lini. Akatikisa kichwa, akaridhika. Hakuambiwa kimekuwa bora, kwa hiyo hakuona kwamba amedanganywa.

Zingatieni jambo jingine katika kisa cha mita. Tarehe ilijulikana, sababu ilielezeka, na kitendo kilifanywa na kidole cha mwenye nyumba au jirani yake. Sarufi yake ilikuwa wazi: nilisasisha, mita ikasasishwa.

Sasa irudisheni simu mezani. Kwenye simu, mnyambuliko unanyooka mpaka unatisha. Nasasisha: mimi nimeamua. Inasasishwa: kuna aliyeamua, hatajwi. Inajisasisha: haya ni maneno ya mipangilio ya simu, yanayotaka tuamini kwamba chuma kina hiari. Nasasishiwa: nilikuwa nimelala. Na liko la mwisho, ambalo wengi wetu wenye simu za bei nafuu ndilo letu: haisasishiki. Kitenzi hicho cha kutendeka ni kaburi dogo. Hakisemi nani alikataa. Kinasema tu kwamba jambo haliwezekani, kama vile mlango usiofunguka, wakati ukweli ni kwamba yupo mtu aliyeamua simu ile isipate toleo jipya tena.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana lawama isiyojua njia hupiga hewa. Toleo jipya la Android likitoka Google, haliji moja kwa moja mfukoni mwako. Mtengenezaji wa chipu, iwe MediaTek, Unisoc au Qualcomm, hurekebisha sehemu zake. Kampuni ya simu huongeza sura yake na programu zake, hujaribu, hurekebisha tena. Katika baadhi ya nchi mtandao wa simu nao hudai kulipitia. Ndipo hugawiwa, na hata hapo si kwa wote. Huanza na simu chache katika kila mia, wakatazama kama kuna malalamiko, wakaongeza, wakatazama, wakaongeza. Kwa hiyo mtu mmoja Dar es Salaam hulipata leo, na shemeji yake mwenye simu ileile akalisubiri wiki tatu, kila mmoja akidhani mwenzake anajua siri.

Utaratibu huo una akili. Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho moja lenye kasoro kwa wateja wake, nalo likafika kote karibu kwa wakati mmoja. Kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, ziliganda. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Aliyeanza na wachache angeumiza wachache.

Lakini jambo hili la kuanza na wachache, tuliite nini? Hapo ndipo kamusi yangu inapokauka. Nimesikia kuzindua, lakini kuzindua ni siku moja na utepe na mkasi. Nimesikia kusambaza na kueneza, lakini moto nao husambaa na uvumi nao huenea, hamna kipimo. Nimesikia “kutolewa kwa awamu”, ambayo ni sahihi, ila kwa Mtanzania awamu ina sauti ya ikulu na vipindi vya marais. Nilitaka neno moja, la mdomoni, lenye foleni ndani yake.

Nilianza kulitafuta karibu, kwa kuwa Amani ni mahali penye uzoefu wa kugawa vipya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya biolojia na kilimo. Msitu ukazungukwa na vitalu vya miti kutoka kila pembe ya dunia, na mingi bado imesimama kandokando ya njia zetu. Neno la kazi hiyo tunalo: kuatika, kuhamisha mche kutoka kitaluni kwenda shambani baada ya kuona umeshika. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti Storey na Nichols walikaa hapahapa wakizalisha mihogo inayohimili ugonjwa wa batobato, wakichanganya muhogo wa kawaida na jamaa zake wa mwituni. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika mpaka Nigeria na kuwa msingi wa mihogo mingine. Hilo lilikuwa sasisho zuri, lililojaribiwa kitaluni kwanza, kisha likaatikwa.

Lakini liko na jingine. Mti uitwao musizi kwao Uganda, Maesopsis eminii kwa jina la wataalamu, uliletwa enzi zilezile za majaribio. Unakua haraka, una kivuli. Msitu wa asili ulipokatwa mbao miaka ya baadaye, ukaona nafasi. Hondohondo wakala matunda yake, wakabeba mbegu kwenye matumbo, wakazidondosha kila walikotua. Leo, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, musizi umejaa mahali ambapo haukualikwa, na hakuna kitufe cha kurudisha toleo la zamani. Simu nyingi nazo ziko hivyohivyo: zikishapanda toleo jipya, haziruhusu kushuka.

Kuatika kulinivutia, nikalipigia debe kwa wiki nzima kichwani mwangu. Kisha nikaliacha. Kuatika ni neno la mwenye shamba. Linauona mche, halimwoni anayesubiri mche. Na hasira ninayoitafutia jina ni ya anayesubiri.

Anayesubiri huku ana hesabu zake. Sasisho la mfumo mzima laweza kuzidi gigabaiti moja, na huku gigabaiti haimiminiki, inanunuliwa kwa kifurushi. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika nchini, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba zilisitishwa papo hapo. Watu hawakuwa wanalilia anasa. Kifurushi ni kitu kilichofungwa, kina mwisho, na simu inayojisasisha bila ruhusa hukitoboa kwa chini. Ndiyo maana hatusemi data imetumika. Tunasema bando limeliwa, na aliyekula hayupo.

Hata kitenzi ambacho simu hukitumia kinaumiza bila kukusudia. Pakua, inasema. Kabla ya kompyuta, kupakua ilikuwa kazi ya jikoni: kutoa wali kwenye sufuria, kuuweka sahanini, kumpa mtu ale. Na hatua inayofuata ni sakinisha, yaani kumfanya mgeni akae, awe mkazi. Unganisha yote mawili uone taswira: umepakua chakula kwa gharama yako, umemkaribisha mgeni akasakini, na asubuhi ndiye anayekuambia vyumba vimejaa. Nafasi haitoshi, tafadhali futa baadhi ya picha.

Usiku mmoja umeme ulikatika, na nikiwa gizani nikalipata. Neno nililokuwa nikilitafuta tulikuwa nalo siku zote, tena limetutesa: mgao.

Litazameni. Mgao unatokana na kugawa, kwa hiyo una mkono unaotoa. Ndani yake kuna uhaba unaokubalika, kwamba hakiwezi kuwafikia wote kwa mara moja. Kuna zamu: leo nyie, kesho sisi. Kuna ujirani, maana katika mgao ndipo unapochungulia dirishani kuona kama kule ng’ambo taa zinawaka. Ni hivyohivyo mtu anavyomuuliza shemeji yake, “Wewe imekuja?” Anayesikia mgao wa masasisho hahitaji maelezo mengine. Ameshaishi ndani ya neno hilo.

Lina ukali, najua. Kampuni haitapenda kusema iko kwenye mgao. Lakini istilahi si pambo la meza ya mtoa huduma. Kazi yake ni kumwezesha mtu wa kawaida kulitaja jambo kwa namna ambayo swali linalofaa linafuata lenyewe. Ukiambiwa “maboresho”, swali linalofuata ni shukrani. Ukiambiwa “sasisho”, swali ni: sasa ya nani? Kwa sababu sasa ya makao makuu si sasa ya Amani, ambako tunapanda mpaka sehemu ya wazi ndipo mtandao uonekane, kama vile “sasa hivi naondoka” ya dereva stendi si sasa hivi ya abiria aliyekwisha kukaa saa nzima.

Wengine wameanza kupewa jibu. Kuanzia Juni 20, 2025, Umoja wa Ulaya unazitaka simu zinazouzwa huko ziendelee kupewa masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua mitano tangu simu ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Samsung na Google wameahidi miaka saba kwa simu zao za juu. Simu hizo za juu, huku vijijini, tunaziona mikononi mwa watalii wanaokuja kutazama vinyonga na maua ya Usambara. Zetu ni za daraja jingine, na kwenye boksi lake pameandikwa megapikseli za kamera na ukubwa wa betri. Idadi ya miaka ambayo sasa yake itadumu haijaandikwa.

Wiki iliyopita niliteremka tena Muheza. Simu yangu ilikuwa imepona, bila picha. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe: sasisho jipya lipo. Vitufe vilikuwa viwili. Kimoja kiliandikwa Sasa, kingine Baadaye. Cha Hapana hakikuwepo.

Nilimweleza fundi juu ya neno langu. Nikamwambia, hii yote siyo kuapdeti wala kuboresha, huu ni mgao. Alinisikiliza huku akifukuza vumbi kwenye tundu la chaji kwa brashi ya meno.

“Mwalimu, hapo umekosea,” akasema hatimaye. “Mgao huwa una ratiba.”

Nikamwambia ndiyo sababu nimelichagua.